Somo, Chuo na Shule: Uhakiki wa Lugha ya Kuwafunza Wasichana Hedhi katika Pwani ya Mtwapa

Utangulizi

Mafunzo ya usafi wa hedhi kwa wasichana wa mashambani yamejadiliwa sana na wataalamu wa afya na wa elimu. Wataalamu wa lugha wameyapita kimya. Ukimya huo hauna sababu ya kutosha, kwani mafunzo yenyewe, kabla ya kufikia maji, sabuni na kitambaa, ni maneno. Kuna anayesema na kuna anayeambiwa. Kuna jina analopewa msichana la kulitajia jambo linalomfika, na kuna majina anayokatazwa kuyatamka. Makala haya yanayahakiki maneno hayo kwa kuitazama pwani ya Kilifi, hasa Mtwapa na vijiji vilivyo nyuma yake.

Mtwapa inafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu ya mchanganyiko wa watu wake. Ni mji wa barabara kuu ya Mombasa na Malindi, kaskazini ya hori yenye jina hilohilo. Karibu nayo yamo magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14 ulioachwa katika karne iliyofuata. Upande wa bara wamekaa Wachonyi, Wajibana, Wakambe na Waribe. Wagiriama wameenea hadi Malindi na kuipita. Na huko Vipingo mashamba ya mkonge yamewavuta vibarua kutoka sehemu nyingi za nchi. Kwa hiyo katika eneo moja msichana aweza kusikia habari za mwili wake kwa nyanya yake katika Kichonyi, mwenzake akazisikia kwa mwalimu wa chuo katika Kiswahili kilichojaa istilahi za Kiarabu, na wote wawili wakazisikia tena kwa mwalimu wa shule katika Kiingereza.

Dai la makala haya ni kwamba kila moja ya njia hizo tatu, yaani ya somo, ya chuo na ya shule, imebeba sehemu ya mafunzo na imeacha nyingine. Na kwamba zote zimeacha sehemu moja iliyo muhimu, nayo ni kumpa msichana maneno ya kusema yeye mwenyewe anapohitaji msaada. Upungufu huo si wa fani tu. Una madhara kwa afya, na umewahi kuhusishwa na kifo.

Urithi wa Maandishi

Mtafiti anayetafuta mafunzo ya wasichana katika maandishi ya Kiswahili ataanza bila shaka na utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Ni wosia wa mama kwa mtoto wa kike, na usafi una nafasi kubwa ndani yake: usafi wa nyumba, wa mwili, wa nywele, wa harufu. Hata hivyo hedhi haitajwi. Haifai kumlaumu mshairi kwa hilo. Utendi ni utanzu wa hadhara; husomwa kwa sauti na kunakiliwa na mikono mingi. Mambo ya faragha ya mwili yalikuwa na mahali pake pengine na mwalimu wake mwingine. Kutotajwa kwake ni ushahidi wa mgawanyo wa kazi baina ya mama na somo, si ushahidi kwamba jambo halikufunzwa.

Matini ya pili ni Desturi za Wasuaheli, iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903 kutokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na wenzake. Humo unyago umeelezwa kwa urefu. Lakini walioandika walikuwa wanaume, nao waliandika yale ambayo mwanamume aliweza kuyaona au kusimuliwa. Unyago umehifadhiwa kwa upande wake wa nje, na lile ambalo kungwi alimwambia mwari ndani ya nyumba halikuweza kuandikwa na mtu ambaye hakuruhusiwa kuingia.

Pengo hilo lilianza kuzibwa baadaye, sauti za wanawake zilipoandikwa. Utafiti wa Margaret Strobel juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, uliotolewa mwaka 1979, ulionyesha jinsi ukungwi wa mji huo ulivyohusiana na wanawake wenye asili ya utumwa. Kisha Sarah Mirza na Strobel wakatoa masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Thamani ya toleo la Kiswahili kwa mwanaisimu ni kubwa, maana linamwonyesha mwanamke mtu mzima akizungumza habari za kufundwa kwa lugha yake na kwa mpango wake mwenyewe, bila kupitia kalamu ya mwanamume.

Lugha ya Somo

Neno somo lenyewe lastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili cha Mombasa somo ni funzo, na pia ni mtu: rafiki wa siri, mwenye jina moja nawe, na yule mwanamke anayemfunda msichana anapobaleghe. Lugha imekiweka kinachofunzwa na anayekifunza katika jina moja. Hapa pana fikra ya elimu iliyo nzito, kwamba mafunzo ya jambo hili hayatengani na uhusiano. Msichana hapewi habari tu. Hupewa mtu wa kumwendea tena. Katika jamii za Kimijikenda nafasi inayokaribiana na hiyo hushikwa mara nyingi na nyanya, hawe kwa Kigiriama, kwa sababu baina ya nyanya na mjukuu kuna utani unaoruhusu mengi ambayo mama na binti hawawezi kuambiana.

Pamoja na uhusiano huo, lugha ya somo ni lugha ya mafumbo. Msemo maarufu zaidi ni kuvunja ungo. Ungo, kama ajuavyo kila mtu, ni chombo cha kupepetea nafaka. Lakini neno hilo pia hutumika kwa utando wa uke, na msemo wenyewe hutumika kwa kupata hedhi ya kwanza na vilevile kwa kuondolewa ubikira. Mambo mawili tofauti kabisa yamefunikwa kwa fumbo moja. Kwa watu wazima hakuna tatizo, kwani muktadha hufafanua. Kwa msichana wa miaka 11 ambaye ameona damu kwa mara ya kwanza, na ambaye amewahi kusikia msemo huo ukitamkwa kwa maana ya pili, kuna hofu kwamba amevunja kitu, au kwamba atadhaniwa kuwa amekutana na mwanamume.

Jina mwezi nalo lina hatari yake ndogo. Kuingia mwezini na damu ya mwezi ni semi nzuri zinazofuata majira ya maumbile. Hata hivyo hedhi ya msichana mdogo haifuati mwezi kwa ukamilifu. Katika miaka ya mwanzo aghalabu huja bila mpango, na kukaa siku 45 kutoka hedhi moja hadi nyingine si ajabu katika umri huo. Msichana aliyefundwa kwamba jambo hili ni la kila mwezi hudhani ana ugonjwa linapochelewa. Na mama aliyefundwa vivyo hivyo hudhani mengine.

Ubora wa mafunzo ya somo ni kwamba yalifikia vitendo. Msichana alionyeshwa namna ya kukunja kitambaa, kukifunga, kukifua na kukihifadhi. Lakini hapo ndipo maagizo mawili yanapogongana. Agizo la kwanza ni kukifua kitambaa na kukikausha vizuri. La pili ni kwamba asikione mtu. Kitambaa hukauka vizuri juani na penye upepo, na jua limo uani ambako baba, kaka na wageni hupita. Msichana hulazimika kuchagua, naye huchagua lile ambalo lugha yote inayomzunguka imelitilia nguvu. Hukificha kitambaa chini ya godoro au nyuma ya sanduku, kikakaa na unyevu, kisha akakivaa kikiwa bado kibichi. Kitambaa cha namna hiyo huleta harufu na muwasho, na hukaribisha maambukizo. Mtaalamu wa afya ataliita jambo hili ukosefu wa elimu. Mhakiki wa lugha ataona kwamba elimu ilikuwapo, ila ilitolewa katika lugha iliyoipinga. Suluhisho la kitendo ni rahisi, nalo ni kukianika juani kitambaa chini ya leso nyepesi. Lakini suluhisho hilo laweza kusemwa tu na mtu aliyekwisha kukubali kulitaja tatizo.

Lugha ya Chuo

Mara nyingi hudhaniwa kwamba mafunzo ya dini ndiyo chanzo cha kulificha jambo hili. Uchunguzi wa lugha yake unaonyesha kinyume. Katika chuo, au madrasa kama kinavyoitwa zaidi sasa, jambo hili lina jina moja lililo wazi, yaani hedhi, neno lililotoka katika Kiarabu na ambalo limekuwa la Waswahili wote bila kujali dini. Lina ndugu zake, nifasi na istihadha, na kila neno lina mpaka wake. Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, imelihesabu kwa tarakimu: uchache wake ni mchana mmoja na usiku wake, wingi wake ni siku 15, na lililo kawaida ni siku 6 au 7. Damu inayozidi hapo ni istihadha, nayo ina hukumu nyingine.

Kwa upande wa istilahi, basi, chuo kimeitangulia shule kwa muda mrefu. Msichana aliyesoma hayo anajua kwamba damu si zote moja, na kwamba inayopita mpaka yataka kuulizwa. Ni kweli kwamba mpaka wa fiqhi si mpaka wa tabibu, kwani hospitali huhesabu siku 2 hadi 7 kuwa ndizo za kawaida. Lakini mazoea ya kuhesabu yamekwisha kujengwa, na mwalimu wa afya angeweza kujenga juu yake. Aidha hadithi zinazosimulia maswali ya wanawake wa Madina kwa Mtume zinaonyesha wanawake wakiuliza waziwazi jinsi ya kuondoa damu katika nguo, wakijibiwa kwamba ikwaruzwe, isuguliwe kwa maji, ioshwe, kisha nguo isaliwe. Hayo ni mafunzo ya usafi wa hedhi kwa maana yake halisi.

Upungufu wa lugha ya chuo uko kwingine. Kwanza, hulitazama jambo kwa upande wa ibada: linalokatazwa, linaloruhusiwa, na josho la kumaliza. Maumivu, kubadilisha kitambaa shuleni, na mahali pa kukitupa havimo, kwa kuwa si kazi yake. Pili, istilahi ya najisi imepotoshwa ilipotoka chuoni na kuingia mitaani. Katika fiqhi damu ndiyo najisi; mwanamke mwenyewe si najisi, na mkono wake na chakula anachokipika havina ila. Katika mazungumzo ya kila siku tofauti hiyo hufutika, na msichana mwenyewe huitwa mchafu. Tatu, tafsida iliyozaliwa na ibada, hasali, hueleweka na Waislamu peke yao; haimsaidii msichana wa Kikambe anayekaa dawati moja na mwenzake Mwislamu.

Lugha ya Shule na ya Serikali

Serikali ya Kenya haikulipuuza jambo hili. Mwaka 2004 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika bidhaa za hedhi. Mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa ili kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bila malipo, na mahali salama pa kulitupa. Kisha ikafuata sera ya taifa ya mwaka 2019 hadi 2030. Haya ni mambo ya kusifiwa. Linalohakikiwa hapa ni lugha iliyoyabeba.

Sera ya lugha, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, imekuwa kwamba lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike nafasi yake. Wasichana wengi hupata hedhi ya kwanza kati ya miaka 10 na 15, yaani baada ya lugha ya nyumbani kukwisha kuondolewa darasani. Somo la sayansi humfunza msichana majina ya viungo vya uzazi kwa Kiingereza, naye huyaandika katika mtihani na kupata alama. Lakini maji huyateka kwa Kiswahili, sabuni huiomba kwa Kichonyi, na nyanya yake hajui hata moja ya majina yale. Elimu hubaki katika daftari.

Maandishi ya Kiswahili ya miradi nayo yana ila yake. Usimamizi wa usafi wa hedhi ni maneno yaliyofuata mpango wa lugha nyingine neno kwa neno, na msichana hawezi kuyatumia popote. Zaidi ya hayo, kuliita somo lote usafi ni kudokeza kwamba linalofunzwa ni uchafu. Tanzania imezoea kusema hedhi salama, na usemi huo wafaa zaidi, kwa kuwa hulenga afya ya msichana badala ya kumkagua. Jina la kifaa pia halijatulia. Tanzania husema taulo za kike, wafanyabiashara husema pedi, na magazeti ya Kenya huandika visodo, kana kwamba sharti kifaa hicho kidogoshwe ndipo kitajike. Neno sodo, ambalo maana yake ya asili ni kitambaa cha hedhi, latosha bila kiambishi cha udogo. Lina faida nyingine pia, kwani huunganisha kitambaa cha nyanya na bidhaa ya dukani kama vitu vya kazi moja, na msichana ambaye hakupata cha dukani haonekani kuwa amekosa kila kitu.

Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba ugawaji wa sodo umechukua mahali pa mafunzo. Somo alikuwa mtu. Sodo ni kitu. Pakiti haijibu swali. Haimwambii msichana kwamba sodo hubadilishwa baada ya saa nne hadi sita hata kama halijajaa, wala kwamba hapaswi kulitupa chooni, wala kwamba maji safi yatosha kuoshea nje ya mwili bila manukato.

Sentensi Inayokosekana

Kipimo cha mafunzo yoyote ya lugha ni kama mwanafunzi aweza kusema. Kwa kipimo hiki njia zote tatu zimeshindwa. Mtu amchukulie msichana wa darasa la sita katika shule ya kijijini nyuma ya Mtwapa, ambaye damu imemtoka akiwa katikati ya somo na mwalimu ni mwanamume. Fumbo la somo hawezi kulitamka mbele ya mwanamume. Istilahi ya chuo imefungwa na ibada. Majina ya sayansi ni ya mtihani. Sentensi aliyo nayo ni moja: tumbo linaniuma. Sentensi hiyo hufanya kazi mbili, na ndiyo maana haifanyi hata moja vizuri. Anayetaka kwenda kubadilisha sodo huitumia. Na anayeumwa kweli na tumbo la hedhi, hata kushindwa kusimama, huitumia hiyohiyo. Mwalimu aliyeisikia mara nyingi huiona kisingizio, na mgonjwa hukosa dawa.

Mwezi wa Septemba 2019 msichana wa miaka 14 katika Kaunti ya Bomet alijitoa uhai. Kwa maelezo ya mamake yaliyoripotiwa na vyombo vya habari, alikuwa ameitwa mchafu na mwalimu na kutolewa darasani baada ya damu kuonekana katika nguo zake. Bomet iko mbali na pwani, na lugha ya nyumbani huko ni nyingine. Lakini neno lililoripotiwa ni lilelile ambalo hapa limeonekana likizaliwa kutokana na kuchanganya najisi na mtu. Sheria ya mwaka 2017 ilikuwa na umri wa miaka miwili.

Huenda ikapingwa kwamba pwani ni nchi ya haya, na kwamba kumtaka msichana aseme waziwazi ni kumvunjia malezi yake. Hoja hii ni ya kuheshimiwa, na lugha yenyewe inaijibu. Kiswahili hutenga haya na aibu. Haya ni sifa aliyo nayo mtu: ana haya, husemwa kwa kumsifu. Aibu hutoka kwa wengine: ametiwa aibu, husemwa kwa kumhurumia. Sentensi kama "Mwalimu, niko katika hedhi, naomba kutoka" haina tusi wala picha ya mwili. Msichana mwenye haya aweza kuisema kwa sauti ya chini. Anayeicheka ndiye anayemtia aibu, na huyo ndiye anayestahili kufunzwa. Kwa hiyo wavulana na walimu wa kiume wana sehemu yao katika somo hili, kwani sentensi haina faida isipokuwa na msikilizaji.

Kwamba wasichana waweza kujitungia lugha yao kumekwisha kuonekana. Mradi wa TUSEME, ulioanzishwa mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa uongozi wa Penina Mlama, uliwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuyachambua matatizo yao na kuyaigiza mbele ya shule nzima, kisha kuyajadili. Funzo lake kwa mada hii ni la kifani: mchezo uliotungwa na wasichana wenyewe huwalazimisha kutafuta maneno ambayo watazamaji wataelewa, nayo maneno yaliyokwisha kusemwa jukwaani hayaogopeshi tena darasani.

Hitimisho

Imeonekana kwamba somo ana uhusiano na vitendo lakini hufumba. Chuo kina istilahi na hesabu lakini huishia penye ibada. Shule ina sayansi na sodo lakini husema kwa lugha ambayo haifiki nyumbani. Mafunzo yanayofaa kwa msichana wa Mtwapa hayana haja ya kuagizwa kutoka mbali. Jina liwe hedhi, na kifaa kiwe sodo, la kitambaa au la dukani. Msemo wa kuvunja ungo ubaki katika ngoma na nyimbo, usitumike kumweleza mtoto jambo ambalo hajalijua. Najisi ifafanuliwe pale inapofunzwa, ili isigeuke jina la mtu. Somo hili lifundishwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani hata katika madarasa ya juu, na nyanya wa kijiji aalikwe shuleni, kwa kuwa ndiye msichana atakayemrudia jioni.

Sehemu ya kazi hii ni ya idara za lugha. Kamusi, istilahi na vitabu vya kiada hutoka mikononi mwa wanaisimu na wanafasihi, na hao ndio waliowaachia wengine kuliundia jambo hili maneno. Maneno yaliyoundwa hivyo ni mazito kwa ofisi na hayana faida uani, ambako kitambaa bado kinangojea kuanikwa juani.